Mvua ikikatika mwezi wa tatu, mbegu gani inashika?

Mwaka 2024 ulitufundisha sisi wa Lubumbashi kama mvua ya jirani ni mvua yetu pia. Tarehe 29 mwezi wa pili mwaka ule, Rais wa Zambia Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kati ya hekta karibu milioni 2.2 za mahindi zilizopandwa kule, milioni 1 hivi ziliharibika. Mahindi na unga wa kupitia Kasumbalesa vikapungua, bei ya meka ya unga ikapanda, na kila nyumba ikaisikia kwenye sufuria ya bukari.

Wakati ule watu walisema sana juu ya mahindi. Juu ya kile kinachokaa pembeni ya bukari walisema kidogo: maharagi, kunde, karanga, soja, njugu mawe. Lakini kwa nyumba nyingi za Naviundu na za komine Annexe yote, fasi ambapo nyama na samaki havifiki kila siku, hii mimea ya maganda njo nyama yetu. Na mara nyingi ni shamba ya mama. Yeye njo anachagua mbegu, anapanda, anavuna, na anaweka kidogo ndani ya bidon juu ya mwaka unaokuja.

Kuna jambo moja ambalo kila mlimaji amekwisha kuliona. Shamba ni moja, mvua ni moja, siku ya kupanda ni moja. Mvua inakatika wiki tatu. Mstari mmoja wa maharagi unakauka na maganda yanabaki matupu. Mstari wa pembeni, wa mbegu ya rangi nyingine, unanyauka kidogo mchana, jioni unasimama tena, na mwishoni unatoa chakula. Wengine wanasema ni bahati, wengine wanasema ni udongo, hata kuna wenye kusema ni mkono wa mtu. Mara nyingi jibu liko ndani ya mbegu yenyewe. Leo tunaeleza namna gani mbegu zinatofautiana mbele ya ukame, na kwa nini ile tofauti ni akiba ambayo hatupaswi kuipoteza.

Kwanza, ukame gani?

Lubumbashi haiko jangwani. Kwa mwaka tunapata mvua ya karibu milimita 1,200. Maharagi yanahitaji karibu milimita 300 mpaka 500 tu, toka kupanda mpaka kuiva. Kwa hesabu ya karatasi, maji yanatosha mara mbili na zaidi.

Shida ni kalenda. Mvua yetu inajikusanya kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 3. Mwezi wa 10 na mwezi wa 4 ni ya mpito, na toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 ni kavu. Ndani ya ile miezi ya mvua, ukame unaweza kuingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza: mvua inadanganya mwanzoni. Inanyesha mara mbili, watu wanakimbia kupanda, kisha jua linarudi wiki mbili. Mche mdogo wenye majani mawili unakufa mbele haujapata mizizi.

Mlango wa pili: mvua inakatika katikati. Mmea umekwisha kukomaa kidogo, lakini unapata wiki tatu bila tone.

Mlango wa tatu: mvua inaisha mapema. Huu njo unagusa maharagi zaidi. Walimaji wengi wa huku wanapanda maharagi mwezi wa 1 ao wa 2, juu yasiivie ndani ya mvua kubwa na kuoza. Ni akili nzuri. Lakini kama mvua inafunga katikati ya mwezi wa 3, inakuta mmea uko ndani ya maua ao unaanza kujaza maganda. Na pale njo mmea unahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote.

Mbegu inayovumilia mlango wa kwanza inaweza kushindwa kabisa mbele ya mlango wa tatu. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii mbegu inavumilia ukame", swali la kwanza la kumuuliza ni fupi: ukame gani?

Tofauti inatoka wapi

Kila mbegu inabeba ndani yake maagizo ambayo imerithi kwa wazazi wake. Watafiti wanayaita jeni. Agizo moja linasema maua yatoke siku ya 30, lingine linasema siku ya 45. Agizo moja linasema mzizi ushuke chini, lingine linasema mizizi isambae pembeni. Wakati mmea unazaa, maagizo yanakopiwa, na mara moja moja kunaingia badiliko dogo. Badiliko lingine linaua, lingine halifanye kitu, na lingine linasaidia. Kwa miaka elfu na elfu, jua, udongo na mikono ya walimaji vimechagua yale yanayofaa kila fasi. Njo maana leo maharagi si kitu kimoja. Ni jamaa kubwa yenye ndugu wasiofanana.

Tuangalie jamaa zenyewe, juu historia yao inaeleza mengi.

Maharagi yalizaliwa Amerika, na yalizaliwa mara mbili. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati waliyafuga kwa upande wao, na watu wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, wakayafuga kwa upande wao. Kwa jumla, jamaa ya Amerika ya Kati ina punje ndogo, na jamaa ya Andes ina punje kubwa. Yalianza kufika Afrika kwa meli za Wareno toka karne ya 16. Ndani ya ile jamaa ya Mexico kuna ukoo mmoja wa nyanda kavu za kaskazini, watafiti wanauita Durango. Katika kutafuta maharagi yenye kuvumilia jua, ule ukoo umesaidia sana.

Kunde ni mtoto wa Afrika, na njugu mawe vilevile, zile ambazo wakubwa wa Kibemba wanaita ntoyo. Mimea hii miwili imekaa na jua la Afrika miaka elfu nyingi, na inaonekana. Mwaka ambao maharagi yameanguka, mara nyingi kunde bado imesimama.

Karanga nayo ilitoka Amerika ya Kusini, lakini hadithi yake ni tofauti. Ilizaliwa wakati mimea miwili ya pori ilichanganyika. Lilikuwa tukio la nadra, na karanga zote tunazokula zinatoka kwenye mlango ule mwembamba. Kwa sababu hiyo tofauti ndani ya jeni zake ni kidogo kuliko ya maharagi ao kunde, na watafiti wanalazimika kurudi kwa ndugu zake wa pori kutafuta nguvu mpya.

Hii tofauti yote inachungwa kwenye nyumba za mbegu, sawa vile benki inachunga pesa. Kule Palmira, nchi ya Colombia, kuna benki yenye sampuli zaidi ya 37,000 za maharagi na ndugu zake. Kule Ibadan, Nigeria, taasisi ya IITA iliyoanzishwa mwaka 1967 inachunga sampuli zaidi ya 15,000 za kunde. Kila sampuli iko na namba yake, inakaa ndani ya baridi, na mtafiti akiihitaji anaiomba.

Njia nne za kupambana na jua

Ukichunguza ile mimea yenye kushinda ukame, unakuta haishindi kwa njia moja. Kuna njia nne kubwa, na kila moja iko na bei yake.

Njia ya kwanza ni kukimbia. Mmea hauvumilii ukame hata kidogo. Unamaliza kazi mbele ukame haujafika. Kuna kunde zinazoiva kwa siku 60 hivi. Kule Kenya, kwenye kituo cha Katumani upande wa Machakos, fasi ambayo mvua ni fupi, watafiti walitoa maharagi ya kuiva upesi kama KAT B1 na KAT B9. Kwa mlango wetu wa tatu, hii njia inafaa sana: maharagi ya siku 65 yaliyopandwa mwanzo wa mwezi wa 2 yanakaribia mwisho wakati yale ya siku 90 bado yanatafuta maji. Bei yake ni hii: mwaka wa mvua nzuri, mmea wa kukimbia unatoa kidogo kuliko ndugu yake wa pole pole, juu hakukaa shambani siku za kutosha kukusanya chakula.

Njia ya pili ni kuchimba. Udongo wa juu unakauka wa kwanza, wa chini unabaki na maji kwa wiki nyingi. Mmea wenye mzizi wa kushuka unayafikia. Mfano unaojulikana sana unatoka India, kwenye dengu, zile Wafaransa wanaita pois chiche. Watafiti waliona kama aina moja yenye namba ICC 4958 iko na mizizi yenye nguvu. Wakatafuta ni kipande gani cha kromosomu kinaleta ile nguvu, wakakihamisha kwa njia ya kuzalisha ndani ya aina ambayo walimaji walikuwa wanaipenda. Mwaka 2019 India ikatoa aina mpya, Pusa Chickpea 10216, yenye kipande hicho. Bei ya njia hii: chakula kinachojenga mizizi hakijengi maganda. Na kama chini hakuna maji, ao mzizi hauwezi kupita, kazi yote ni bure.

Njia ya tatu ni kubana matumizi. Chini ya jani kuna vitundu vidogo sana. Kwa vile vitundu mmea unavuta hewa, lakini kwa vilevile unapoteza maji. Mimea mingine inavifunga upesi jua likikaza, mingine inageuza majani yasimame wima ili jua lisiyapige usoni. Kunde ni fundi wa mambo haya. Bei yake: vitundu vikifungwa, maji yanabaki, lakini hewa ya kutengeneza chakula haiingii. Mmea unaishi, lakini haukui.

Juu ya kunde kuna jaribio moja zuri la kulijua. Mwaka 1999 watafiti wa IITA na wenzao walitangaza matokeo ya kupanda aina mbalimbali za kunde ndani ya masanduku ya mbao yenye udongo wa sentimita 12 hivi. Udongo ulikuwa mfupi kwa makusudi, ili mizizi isifiche siri. Miche ilipotoka wakafunga maji, wakaangalia. Aina dhaifu zilikufa zote. Lakini zile zenye nguvu zilikuwa za namna mbili. Namna ya kwanza, kama TVu 11979 na TVu 11986, mmea wote ulisimama pamoja: haukui, haufi, unangoja. Namna ya pili, kama Dan Ila na Kanannado ambazo ni mbegu za walimaji wa Nigeria, majani ya chini yalikauka moja moja, lakini kile kichwa cha juu kilibaki kibichi. Mmea ulikuwa unatoa majani yake ya zamani kama sadaka ili mtoto wa juu aishi. Maji yaliporudi, ile namna ya pili ilikuwa na nguvu ya kuanza tena hata baada ya ukame mrefu.

Kumbuka, hapa ni kunde na kunde. Kwa macho ya mtu wa sokoni ni punje tu. Lakini ndani, moja inangoja na nyingine inatoa sadaka.

Njia ya nne haionekani kwa macho, na kwa maharagi ni ya lazima sana. Ni kuhamisha chakula. Mmea wa maharagi unaweza kubaki kijani ndani ya ukame, majani mazuri, mlimaji anafurahi, kisha siku ya kuvuna maganda ni mapesi. Chakula kilibaki kwenye majani na kwenye mti. Aina nyingine, jua likikaza, inavuta chakula kutoka majani na mti na kukisukuma ndani ya punje. Inaonekana imechoka, imekuwa ya njano mapema, lakini maganda yake yamejaa. Watafiti wa Palmira wamefuata alama hii kwa miaka mingi na wametoa jamii kama SER 16 na SEA 5 ambazo zinatumiwa sasa kama wazazi kwenye nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo shambani usidanganywe na kijani. Hesabu kwenye sahani.

Kwa nini hakuna jeni moja ya ukame

Watu wanauliza: kama ni jeni, si watafute ile jeni ya ukame waiweke ndani ya mbegu zote? Jibu ni kwamba kuvumilia ukame si rangi ya ua. Rangi inaweza kuamriwa na jeni moja ao mbili. Kuvumilia ukame kunaamriwa na jeni nyingi, kila moja na kazi ndogo: siku za maua, urefu wa mzizi, vitundu vya jani, kuhamisha chakula. Hata kwa miche ya kunde, ambayo mwanzoni watafiti walifikiri jeni moja inatosha kueleza, baadaye walikuta fasi nyingi kwenye kromosomu mbalimbali zinazosaidia. Kunde iko na kromosomu 11 za jozi, na maagizo yake yote yalisomwa na kutangazwa mwaka 2019. Kusoma kitabu ni jambo moja, kukielewa ni lingine.

Na kuna udongo. Udongo wetu mwekundu wa huku Haut-Katanga ni wenye asidi, una fosfori kidogo, na fasi nyingi una aluminiamu inayochoma ncha za mizizi. Weka pale aina yenye jeni ya mzizi mrefu: mzizi unashuka, unakuta aluminiamu, unasimama. Ile jeni iko, lakini haina njia. Watafiti wa maharagi walilifahamu jambo hili na wakachanganya maharagi ya kawaida na ndugu yake wa milima ya Amerika, mwenye maua mekundu, ambaye mizizi yake inavumilia aluminiamu. Kwa mlimaji wa Naviundu somo ni la karibu zaidi: majivu kidogo, chokaa kwa mwenye kuweza, samadi na majani yaliyooza vinafungulia mzizi mlango. Mbegu nzuri ndani ya udongo uliofungwa ni kama dereva mzuri bila barabara.

Kuna pia vile vinundu vidogo kwenye mizizi ya mimea ya maganda. Ndani yake kunakaa vijidudu vinavyovuta azoti hewani na kuilisha mmea. Ukame unavichokesha mapema, mbele hata majani hayajanyauka. Hapa pia aina zinatofautiana: nyingine vinundu vyake vinaendelea kufanya kazi siku nyingi zaidi.

Je, ni zile mbegu za OGM?

Hili swali linarudi kila mara. Aina za maharagi tulizozitaja hapa, za Katumani na za Palmira, zilitoka kwa njia ya kuchanganya maua na kuchagua, sawa vile walimaji wamechagua toka zamani, tofauti ni kwamba watafiti wanaandika kila kitu na wanarudia kwa miaka mingi. Si OGM. Kunde ya OGM iko, ile iliyokubaliwa Nigeria mwaka 2019, lakini ile ilitengenezwa juu ya funza anayekula maganda. Haikutengenezwa juu ya ukame.

Jirani wamefika wapi, na sisi?

Uganda mwaka 2016 ilitoa aina tano za maharagi zinazoitwa NAROBEAN, zilizochaguliwa kwa kuvumilia ukame na kwa kuwa na madini ya chuma mengi. Kenya iko na zile za Katumani. Kwa upande wetu, INERA iko na kituo cha Mulungu kule Sud-Kivu ambacho kimefanya kazi ya maharagi kwa miaka mingi pamoja na muungano wa PABRA, ulioanzishwa mwaka 1996 kuunganisha watafiti wa maharagi wa Afrika. Hapa kwetu INERA iko na kituo cha Kipopo, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko na kitivo chake cha kilimo. SENASEM njo yenye kazi ya kupima na kushuhudia mbegu.

Lakini tusichukue jina la mbegu ya fasi nyingine na kuliimba kama dawa. Mulungu ni milima, kuna baridi na misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Machakos kuna mvua fupi mara mbili. Sisi tuko na msimu mmoja mrefu na mwisho wa ghafla. Mbegu iliyoshinda kule inastahili kujaribiwa hapa, lakini haistahili kuaminiwa mbele ya kujaribiwa.

Akiba inapotea sokoni

Tufike kwenye jambo lenye uzito zaidi. Tofauti ya mbegu haipotei ndani ya maabara. Inapotea nyumbani, mwaka wa njaa.

Mwaka mbaya unafika, mavuno ni kidogo. Watoto wanakula, deni la shule linalipwa, na ile bidon ya mbegu inafunguliwa mwezi wa 9. Mwezi wa 1 ukifika, mama anaenda sokoni kununua maharagi ya kula na kuyafanya mbegu. Yale maharagi yametoka Zambia, Tanzania ao fasi nyingine, yamechanganywa na wauzaji kwa kufuata rangi na bei, na hakuna anayejua yanakaa siku ngapi shambani. Mbegu ya bibi yake, ambayo labda ilikuwa inaiva siku 70 na kuhamisha chakula vizuri, imeliwa. Hakuna aliyeiandika. Haiko Palmira wala Kipopo. Imekwisha.

Walimaji wa Kivu, Rwanda na Burundi wako na desturi ya zamani ya kupanda mchanganyiko wa maharagi ndani ya shamba moja: ya njano, mekundu, ya madoadoa, ya upesi na ya pole pole. Mtu wa haraka anaweza kuona ni fujo. Lakini ni hesabu: mvua ikikatika mapema, yale ya upesi yanalisha nyumba. Mvua ikiendelea, yale ya pole pole yanajaza gunia. Muuzaji anapenda rangi moja, na kwa soko ana haki. Kwa sahani ya nyumbani, mchanganyiko ni bima ambayo hailipwi pesa.

Na hapa tuko na bahati ambayo walimaji wa mahindi hawana. Mahindi yanachanganyika na ya jirani kwa upepo, na mahindi ya hibridi ukiyarudisha shambani yanapoteza nguvu. Maharagi, kunde, karanga na soja kwa kawaida vinajizalisha ndani ya ua lake lenyewe. Mtoto anafanana na mzazi. Kwa hiyo mlimaji anaweza kuchunga mbegu nzuri miaka mingi bila kununua, mradi achague kwenye mimea isiyo na ugonjwa, juu virusi vya mozaiki vinapita ndani ya mbegu ya maharagi.

Jaribio dogo la msimu unaokuja

Hauhitaji maabara. Kazi hii inaweza kufanywa na mama mmoja, ao vizuri zaidi na kikundi cha majirani watano.

Chukueni aina nne ao tano za maharagi na mbili za kunde, kila mtu alete ile ya kwao. Kila aina iwe na jina na kibao chake. Hesabuni punje 50 kwa kila mstari. Msipande kila aina fasi moja tu. Kila aina iwe na mistari mitatu kwenye pande mbalimbali za shamba, juu upande mmoja unaweza kuwa na maji kuliko mwingine, na mkasifu mbegu kumbe ni udongo. Pandeni zote siku moja.

Kwenye kaye ya shule andikeni mambo manne: siku ua la kwanza limetoka, siku maganda yameiva, wiki gani mvua imekatika, na uzito wa punje kavu za kila mstari. Kama hakuna mizani, kopo moja lilelile linatosha. Msiandike tu "ilibaki kijani". Andikeni ilitoa nini.

Rudieni mwaka wa pili. Mwaka mmoja unaweza kusema uongo, kwa sababu ukame wa mwaka huu unaweza kuingia kwa mlango mwingine kuliko wa mwaka jana. Aina inayotoa kiasi cha kuridhisha miaka yote miwili, mwaka wa mvua na mwaka wa jua, njo ya kuzidisha.

Kisha kuchunga. Kausheni punje mpaka ukiuma jino haliingii. Jazeni bidon mpaka juu kabisa, fungeni sana ili hewa isiingie, na vidudu vitakufa kwa kukosa pumzi. Mifuko ya tabaka tatu inayoitwa PICS, ambayo ilianzia kwenye kunde za Cameroun, inafanya kazi kwa sheria ileile. Na muhimu zaidi: mbegu zisikae kwa mtu mmoja. Zigawanywe nyumba tatu. Nyumba moja ikilazimika kula mbegu yake, zile mbili zinamrudishia.

Tusijidanganye: hakuna mbegu inayoishi bila maji. Kuvumilia maana yake ni kupoteza nusu fasi ya kupoteza yote, ama kupata meka mbili fasi ambayo jirani amepata kopo. Lakini kwa nyumba ya watoto sita, ile meka ya ziada ni wiki ya chakula. Mvua ya mwezi wa 3 haiko mikononi mwetu. Mbegu iliyo ndani ya bidon, jina lake, siku zake na idadi ya nyumba zinazoichunga, hivyo viko mikononi mwetu, na kazi inaweza kuanza na mavuno ya mwaka huu.